Uso wa Fimbo Ulipotazama Ziwa

Wewe unayenisikiliza, usiinuke kwa sababu nimetaja gofu. Najua wengi hapa Mwanza wakisikia neno hilo wanawaza kofia nyeupe na watu wasio na haraka. Mimi nimeufundisha mchezo huu kwa miaka mingi na sijawahi kuwa mtu asiye na haraka. Hata sasa ninapokusimulia, mguu wangu unagonga sakafu. Kaa tu. Nitakueleza jambo moja, na nikimaliza utaweza kulijaribu nyumbani kwako ukiwa umevaa kandambili.

Fimbo ya gofu ina kichwa, na kichwa kina uso. Uso ni ule ubapa unaogonga mpira. Watu hudhani mpira unakwenda ulikotumwa na mabega, au nguvu, au dua. Vyote hivyo vina sehemu yake. Lakini katika ule muda mfupi kuliko kupepesa jicho, uso unapogusana na mpira, linaulizwa swali moja kubwa: uso unatazama wapi? Ukitazama kulia, mpira unaanza safari kuelekea kulia. Ukitazama kushoto, unaanza kushoto. Halafu kuna swali la pili, nalo ndilo lililotusumbua sisi: fimbo yenyewe ilikuwa inapita kuelekea wapi? Fimbo ikipita upande mmoja huku uso unatazama upande mwingine, mpira unasuguliwa, unazunguka kama pia ya mtoto, na ukiwa hewani unapinda. Unapinda kwenda upande wa uso na kuikimbia njia ya fimbo. Kama umewahi kuona mpira wa adhabu ukiuzunguka ukuta wa mabeki na kuingia golini, basi hilo umekwisha kuliona.

Basi, ni hayo tu. Kama ningekuwa mtu wa kutulia ningeishia hapo. Ila mimi mwenyewe niliyasema maneno hayo kwa miaka bila kuyatafuna vizuri, mpaka mama mkwe wangu alipoanza kucheza.

Uwanja wetu ni mdogo, uko Ilemela, katikati ya mawe na maji. Mawe yenyewe unayajua: makubwa kuliko nyumba, yamepandana kana kwamba yatadondoka kesho, na pimbi wanaota jua juu yake. Mashimo ni machache, nyasi hazilingani, na kiangazi ardhi inakuwa ngumu hadi mpira unadunda kama uko kwenye lami. Shimo ambalo kila mtu analiogopa ni lile la ufukweni. Kushoto kwa njia yake kuna mawe. Kulia kuna ziwa, mwanzo hadi mwisho.

Na hapa lazima ujue mpigaji anavyosimama, la sivyo hutauona ugumu wake. Anayepiga kwa mkono wa kulia husimama ubavu: bega la kushoto linaelekea shimo, kifua kinaelekea kulia. Kwa hiyo pale ufukweni hulitazami shimo. Unalitazama ziwa. Liko mbele ya pua yako, linatikisika, linameremeta, mtumbwi wenye injini unapita ukinguruma, ndege wanatua na kuruka, na wewe unatakiwa upige mpira upite kando ya vyote hivyo kana kwamba havipo. Mimi mwenyewe hadi leo nikisimama pale viganja vinaniwasha.

Mama mkwe ni muuguzi mstaafu. Mumewe alipofariki, alijifungia katika nyumba yao Buswelu. Hakuwa anaumwa. Alikaa tu. Mapazia yalibaki yamefungwa hadi mchana, simu iliita ikachoka, majirani walibisha hodi wakaondoka. Mke wangu alipitia huko kila alipotoka kazini. Siku moja alimlazimisha wakatoka, akamleta uwanjani apate hewa, akamkalisha kwenye kiti chini ya turubai. Mimi nilikuwa mbali naokota mipira. Niliporudi nilimkuta mama amesimama, amevua viatu, ameshika fimbo ya mwanafunzi fulani, na mpira umekwisha kuondoka. Ulikwenda vibaya sana. Lakini uliruka, na yeye alikuwa anaucheka, mkono mmoja mdomoni. Mke wangu aligeuka akajifanya anatafuta kitu kwenye mkoba. Nilijua kwamba nimekabidhiwa kazi.

Tatizo lilikuwa mikono. Mwanafunzi wa kawaida namrekebisha haraka: nakishika kidole gumba chake nakisogeza, nageuza kiganja, nasukuma bega, tumemaliza. Mama mkwe siwezi kumgusa. Wapo watu mjini walioyaacha mambo hayo, wanakumbatiana na wakwe zao harusini na kupigwa picha, wala siwalaumu. Lakini yeye alilelewa katika nyumba ya Kisukuma ambamo mkwe mwanamume hampi mkono mama wa mke wake, hakai naye kwenye benchi moja, hamkazii macho. Nami nimelelewa hivyohivyo. Tukikutana njiani nasimama pembeni, nainama kidogo, nasema shikamoo mama nikitazama chini, naye anaitikia marahaba baba akitazama kwingine, na kila mmoja anaondoka akijisikia ameheshimiwa. Ni utaratibu mzuri. Ila haukutengenezwa kwa ajili ya gofu.

Kwa hiyo nilimfundisha kwa mbali. Nilisimama nyuma kabisa, nikautazama mwembe au mawingu, na maneno yangu nikayapitisha kwa mke wangu.

"Mwambie mama ausogeze mpira mbele kidogo."

"Mama, sogeza mpira mbele."

"Nimesikia," mama alisema. "Mwambie mimi nimestaafu kazi, masikio bado yako kazini."

Hata hivyo alijifunza. Alikuwa na ule uvumilivu wa mtu aliyezoea kutafuta mshipa wa mtoto anayelia. Alianza kuja hata siku ambazo mke wangu hakuweza kumleta. Alipanda bodaboda, fimbo nilizomwazima zikiwa mgongoni kwake kwenye mfuko wa kitenge alioushona mwenyewe. Mke wangu akaniambia kwamba mapazia ya Buswelu sasa yanafunguliwa asubuhi. Akaniambia kama habari ndogo tu, huku akichambua mchele, lakini alirudia mara mbili.

Kisha tukafika shimo la ufukweni, na mipira ikaanza kuingia majini.

Ilianza kwenda vizuri, ikapaa, halafu katikati ya safari ikakumbuka kitu na kugeukia kulia. Unaweza kuisikia hiyo sauti ukiwa mbali: kitu kidogo kinatumbukia, basi. Safari iliyofuata mama alielekeza miguu yake kushoto zaidi, mbali na ziwa, upande wa mawe. Mpira ukapinda zaidi. Akaelekea kushoto zaidi tena. Mpira ukapinda kwa fujo, kama umevutwa na kamba. Mimi huku nyuma nilikuwa nazunguka mwembe kama mbuzi aliyefungwa. Nilikuwa naiona shida yote kuanzia unyayo hadi kidole gumba. Mwanafunzi mwingine ningemrekebisha kabla chai haijapoa.

Ngoja nikueleze nilichokuwa nakiona, maana hili ni kosa la sisi watu wa ufukweni, na nimeliona kwa wengi. Mtu akiliogopa ziwa lililo kulia, anaigeuza miguu kushoto. Mwili ukigeukia kushoto, fimbo nayo inapita kuelekea kushoto. Lakini mikono inajua shimo liko wapi. Mikono inauacha uso wa fimbo ukitazama kulekule shimoni, au kulia yake kidogo. Sasa umeliona pengo? Fimbo inakwenda kwenye mawe, uso unatazama ziwa. Kadiri unavyogeuka zaidi, pengo linapanuka, na mpira unapinda zaidi. Anayekimbia ziwa anaupeleka mpira wake ziwani. Kila hatua ya kujiokoa inaongeza hasara, na aliye ndani yake haoni, kwa sababu anachokiona yeye ni mpira kwenda kulia, na akili ya kawaida inamwambia: basi, elekea kushoto.

Pale uwanjani kuna benchi, na benchi lina wenyewe. Ni wazee watatu ambao wanacheza kidogo na kuzungumza sana. Hawana ubaya. Lakini mama alipokuwa anapita na fimbo zake, mmoja wao aliinua kofia.

"Shikamoo mama. Leo sangara wanakula nini?"

"Marahaba. Wanakula mipira. Nyinyi mnakula maneno, na wala hamnenepi."

Benchi zima lilicheka, naye akacheka. Mimi nikafikiri yamepita. Hayakupita. Jumamosi ya wiki ile walikuwa wanakuja wanawake wageni, wachezaji kutoka ng'ambo ya ziwa, kucheza wawiliwawili na wenyeji wao, na mama alikuwa ameombwa ajaze nafasi. Akiwa anarudi nyumbani na mke wangu, alitoa ujumbe wake, na mke wangu akaniletea jioni ile jinsi ulivyo.

"Amesema hivi: Jumamosi mpira ukiingia tena majini mbele ya wale wageni, fimbo zako anazirudisha. Anasema hakuzeeka ili awe kichekesho."

"Alikuwa anatania."

"Baba watoto, mama yangu hatanii akiwa ameshika mkoba wake kwa mikono miwili." Aliketi. "Akizirudisha zile fimbo, anarudi kwenye kile chumba. Unaelewa? Safari hii sijui nitamtoaje."

Nilisema naelewa. Nikainuka, nikaketi, nikainuka tena.

Alhamisi tulijaribu. Mke wangu aliomba ruhusa kazini, akaja kuwa mdomo wangu. Nikamwambia amwambie mama kwamba uso wa fimbo umefunguka, yaani unatazama kulia, na unatakiwa ufungike kidogo, ulielekee shimo. Mama alitikisa kichwa kwamba ameelewa. Akapiga, na dakika ya mwisho akaupindua mkono kwa nguvu zake zote, kama mtu anayefunga bomba linalovuja. Mpira ulitoka umeinama, ukaenda kushoto kabisa, ukagonga jiwe, pimbi wakatawanyika kila upande, ukarudi ukidunda kuelekea benchi. Wazee watatu waliinuka pamoja kwa kasi ambayo sikujua wanayo.

"Mama, sisi tulitania tu!" mmoja alipiga kelele kutoka nyuma ya turubai. "Usituue!"

Kila mtu alicheka isipokuwa mama. Alitazama mikono yake, mmoja baada ya mwingine, kana kwamba ni ya mtu mwingine. Akamwambia binti yake, polepole, "Nikiiacha hivi mipira inakwenda majini. Nikiigeuza inakwenda kwenye mawe. Mwambie mwenzio labda uwanja huu hauna njia ya katikati."

Akaweka fimbo kwenye mfuko wa kitenge, akafunga kamba.

Ijumaa sikuweza kufanya kazi. Nilimfundisha mtu fulani mwenye subira sana na sikumbuki nilimwambia nini. Upepo wa mchana ulipoanza kutoka ziwani nilifunga mapema, nikampitia mke wangu, tukaenda Buswelu. Sikuwa na mpango. Nilijua tu kwamba siwezi kukaa nyumbani nikiisubiri Jumamosi kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali.

Mapazia yalikuwa yamefungwa. Mke wangu aliyaona kabla hajashuka garini. Alifungua geti akaingia jikoni.

Jiko la mama liko nje, uani, chini ya bati, na mlango wake uko wazi siku zote kwa sababu ya moshi. Mimi nilipewa stuli barazani, upande mwingine wa ua, mahali pa mkwe. Kutoka pale, ukigeuza kichwa kistaarabu, unaona kipande cha jiko. Mama alikuwa anasonga ugali. Alikuwa amesonga mwingi, kwa kuwa alipoambiwa tumekuja aliongeza unga, na mke wangu alikuwa amelishika sufuria kwa kitambaa lisicheze. Mama alisonga kwa mikono miwili.

Nilitazama mikono ile na mguu wangu ukaacha kugonga.

Kwenye fimbo, mkono wake wa kushoto ulikuwa umekaa chini ya mpini, kiganja kikitazama juu, kama mtu anayepokea kitu kwa adabu. Mkono wa namna hiyo unaacha uso ufunguke. Hauna uwezo wa kufanya vingine. Lakini kwenye mwiko, mkono uleule ulikuwa umepanda juu, vifundo vya vidole vikionekana, umeukamata kwa uhakika. Alikuwa anaubandika ugali kwenye ukingo wa sufuria kwa ubapa wa mwiko, anaugeuza, anaubandika tena, na ubapa ulitazama kila alikotaka utazame. Wala hakuwa anaufikiria.

"Mama watoto!" Niliita kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia. Kuku waliruka.

"Nini? Kuna nyoka?"

"Mwambie mama asiuachie mwiko!"

Kisha sauti ya mama, kavu: "Muulize mwenzio kama ana njaa kiasi hicho."

Ilibidi nieleze. Nilisimama barazani, nikalitazama paa la jirani, nikaeleza pole pole kama ninavyokueleza wewe. Nilisema namuomba mama, ugali ukishaiva, aje uani na ule mwiko jinsi alivyoushika, asibadilishe kidole. Mke wangu alikuja naye. Lakini mwiko ulikuwa mfupi. Mama aliinama hadi mgongo ukalalamika.

"Kuna ule mrefu," alisema mwenyewe. "Uko stoo."

Mke wangu alinitazama. Tulikuwa tunaujua mwiko ule mrefu, wa shughuli, wa kusongea masufuria makubwa. Ulitumika mara ya mwisho kwenye msiba wa baba mkwe, wanawake wa mtaa wakipokezana uani palepale. Mama aliingia stoo, akakaa kidogo, akatoka nao, akiufuta kwa khanga.

Basi tukaupanga ua. Bega la kushoto lielekee geti. Geti ndilo shimo. Mbele ya kifua chake kulikuwa na banda la kuku. Hilo likawa ziwa. Nyuma yake dirisha la sebule lenye mapazia yaliyofungwa. Hayo yakawa mawe. Nilimwomba asimame kama anavyosimama ufukweni, aushike mwiko kama anavyoshika fimbo, na auzungushe pole pole sana, hadi pale ambapo mpira ungekuwa, kisha agande.

Aligeuza miguu akimbie banda la kuku. Akazungusha. Akaganda.

"Muulize, ubapa wa mwiko unatazama wapi?"

"Mama, unatazama wapi?"

Mama aliangalia chini. Aliangalia muda mrefu. "Unatazama kuku," alisema.

"Na miguu?"

"Miguu inakwenda dirishani." Kisha akaanza kucheka kidogo, ule mcheko wa mkono mdomoni, ila mikono ilikuwa kwenye mwiko, kwa hiyo ulitoka wote. "Ala! Mimi nakimbia huku, uso nimeuacha kule unachungulia. Sasa mpira ungefanya nini, maskini? Ungenifuata mimi au ungeufuata uso?"

"Unaanza kule uso unakotazama," nilisema, na safari hii nilisahau kupitisha maneno kwa mke wangu. "Halafu unapinda kukukimbia wewe. Kadiri unavyokimbia dirishani, ndivyo unavyopinda kwenda kwa kuku."

Mke wangu alikohoa. Nikalitazama tena paa la jirani.

Baada ya hapo mke wangu akawa mikono yangu. Nilikuwa naelekeza kutoka barazani, naye anaishika mikono ya mama yake. Mkono wa kushoto upande juu, kama jikoni, aweze kuviona vifundo viwili vya kwanza. Hapana, umezidi. Rudisha kidogo.

"Wewe, taratibu, hicho ni kidole changu," mama alisema. "Nilikuzaa na vidole vyote, nawe uniachie vyangu."

"Mama, tulia, fundi anaangalia."

"Fundi anaangalia paa la watu. Wenye nyumba watatoka watuulize tunapanga nini."

Kisha miguu. Hapo ndipo palikuwa pagumu. Kuurekebisha mkono peke yake hakutoshi. Ilibidi miguu irudi, ilielekee geti, maana yake kifua kilitazame banda la kuku moja kwa moja bila kukwepa. Uani ni rahisi. Kuku hawatishi. Alizungusha, akaganda, ubapa ukatazama geti. Akarudia. Giza lilipoanza kuingia ugali ulikuwa umepoa kwenye hotpoti na bado alikuwa anazungusha, peke yake, anaganda, anaangalia, anaguna. Tulipoondoka hakusema kama atakuja kesho na fimbo za kucheza au za kurudisha. Alisema tu, "Mwambie alale." Anajua silali.

Asubuhi kwetu upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani. Mchana hugeuka. Wageni walitaka kucheza asubuhi, wawahi meli yao, kwa hiyo tulicheza na upepo unaosukumia majini. Nyasi zote zilikuwa zimeinamia ziwa. Sikuruhusiwa kuwa karibu. Mwalimu hamfuati mchezaji siku ya mechi, na mkwe ndiyo kabisa. Nilisimama nyuma ya benchi la wazee, nikihama mguu huu kwenda huu.

"Kijana, kaa," mmoja aliniambia. "Unatutia wasiwasi."

"Siwezi, mzee."

"Tumekubaliana leo hatusemi kitu," alinong'ona wa pili. "Akiwa pale hatusemi. Tumeapa."

Mama alifika ufukweni. Mgeni aliyekuwa akicheza upande wa pili alipiga kwanza, vizuri, katikati. Mama akasogea. Niliona miguu ikianza kugeuka kushoto, kama kila siku. Mtu akiogopa, miguu haimngoji. Kisha alirudi nyuma, akasimama bila mpira mbele yake, akaizungusha fimbo pole pole mpaka chini, akaganda. Wageni walitazamana. Hakuna anayefanya hivyo kwenye mechi. Aliangalia uso wa fimbo unatazama wapi. Akausogeza mkono wa kushoto juu kidogo. Akaganda tena, akaangalia. Halafu akasogea kwenye mpira, akaupeleka mguu wa kushoto mbele hadi kifua kikalikabili ziwa lote, na mawimbi yake na mtumbwi wake, akapiga.

Mpira haukwenda katikati, nisikudanganye. Ulitoka chini chini, ukaelekea shimo, upepo ukauchukua, ukaanza kuinamia kulia, na mimi nikamshika mzee bega bila kujua. Ulipinda kidogo. Ulidunda kwenye ile ardhi ngumu, ukakimbia pembezoni, ukaingia kwenye nyasi ndefu za kando ya matete, ukakaa. Pakavu. Mpira mweupe ulionekana kabisa.

"Sangara leo wanashinda njaa!" mzee wa tatu alipasuka. Alikuwa ameapa kunyamaza hadi apige tu.

Mama na mwenzake walishindwa mechi ile, na walishindwa vibaya. Baadaye, wageni walipokuwa wanakunywa soda, alipita karibu na mwembe nilipokuwa nimesimama, mke wangu yuko kando yake, mfuko wa kitenge begani. Alisimama mbali inavyostahili. Alitazama majani.

"Mwambie mwenzio," alimwambia binti yake, "Jumatatu nakuja mapema, kabla ya jua kali. Na ule mwiko mrefu nimeuacha uani, nyuma ya mlango. Asije akautafuta stoo."

Mke wangu alinitafsiria neno kwa neno, ingawa tulikuwa tumesimama wote watatu palepale. Nikasema, mwambie mama nimesikia.

Sasa ni zamu yako, na huhitaji uwanja. Chukua mwiko bapa, ushike kwa mikono miwili, simama bega lako la kushoto likielekea mlango, ubapa ukining'inia chini. Uvute nyuma taratibu, uurudishe taratibu hadi katikati ya miguu yako, na ugande hapo. Usijiulize kitu kingine. Inamisha kichwa, angalia ubapa unatazama wapi, na kama hautazami mlango, pandisha mkono wa kushoto juu kidogo, rudisha miguu kwenye mstari unaoelekea mlango, kisha anza tena.